Tiba ya mbali yahitaji mkono wa karibu

Yapo mambo ambayo yakitajwa mbele ya Mkenya wa kawaida, huyatia mara moja katika kapu la anasa za Wazungu, kisha akaendelea na shughuli zake. Tiba ya kazi itolewayo kwa njia ya simu ni mojawapo ya mambo hayo. Nimewasikia walimu, wazazi, na hata wenzangu katika taaluma hii, wakidai kwamba huo ni mchezo wa nchi ambazo kila nyumba ina kompyuta na ambako umeme hauzimiki. Nakusudia kuwapinga. Naamini kwamba nchi iliyo na haja kubwa ya tiba ya namna hii ni nchi iliyo kama yetu, ambako tabibu yuko mbali na barabara ni mbovu. Tena naamini kwamba pahali pafaapo kuianzia si wizarani, bali ni darasani.

Kabla ya kufika mbali, yafaa tuelewane juu ya jina lenyewe, maana limewapotosha wengi. Neno kazi katika tiba ya kazi halina maana ya ajira. Ni shughuli zote zinazoijaza siku ya binadamu: kuvaa, kuoga, kula, kwenda msalani, kuandika, kucheza, kupika, kupanda matatu. Tabibu wa tiba ya kazi hamwulizi mtu wapi anaumwa tu. Humwuliza: ni jambo gani unalotaka kulifanya na huliwezi? Akishajibiwa, hutafuta njia, ama ya kuuimarisha mwili, ama ya kubadilisha namna ya kulitenda jambo hilo, ama ya kubadilisha kifaa na pahali panapotumika. Mwenzetu wa tiba ya viungo humfundisha mgonjwa kutembea. Sisi hutaka kujua kwamba akishatembea anakwenda wapi, na kufanya nini.

Taaluma hii ilipata umbo na jina lake huko Marekani, ambako chama chake cha kwanza kiliundwa mnamo Machi 1917 katika mji mdogo wa Clifton Springs, jimbo la New York, muda mfupi kabla ya majeruhi wa Vita Vikuu vya Kwanza kuanza kurejea makwao. Hapa kwetu mafunzo yake yalianzishwa jijini Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1960, na sheria ya kuwafunza, kuwasajili na kuwapa leseni matabibu wake ikapitishwa mwaka wa 2017. Hivyo basi si jambo geni. La kushangaza ni wingi wa walimu ambao hawajapata kusikia kwamba lipo, ilhali wao ndio wanaokaa kutwa nzima na watoto wanaolihitaji.

Mwalimu yeyote aliyepata kufundisha madarasa ya chini anamjua mtoto ninayemzungumzia. Ni yule ambaye daftari lake limechanika kila ukurasa kwa sababu hubana penseli kama anayekaba koo. Ni yule ambaye huangusha kila kitu, huchoka kabla ya kipindi kumalizika, na huliegemea dawati kama mtu aliyeishiwa na pumzi. Ni msichana wa miaka kumi na mmoja ambaye miguu yake ni dhaifu, naye hawezi kuchuchumaa chooni kwa kuwa hakuna cha kushika. Akajikojolea mara moja, mara ya pili, wenzake wakacheka, na muhula uliofuata hakuonekana tena. Katika daftari la mahudhurio huandikwa kuwa ameacha shule. Ukweli ni kwamba hakuacha shule. Alikosa mti wa futi tatu uliopigiliwa misumari ukutani. Kumwona mtoto huyo, kuitambua kasoro iko wapi hasa, na kuweka mti huo pahali panapostahili, kwa urefu unaostahili, ndiyo tiba ya kazi.

Sasa tuutazame umbali. Matabibu hawa hupatikana zaidi katika hospitali kubwa za kaunti. Mama anayeishi bara ya Kwale, au vijijini mwa Tana River, au mbali na mji wa Lodwar, humbeba mgongoni mtoto wa miaka tisa hadi barabarani, hungoja gari, hulipa nauli ya watu wawili, hupanga foleni tangu asubuhi, naye akibahatika hupata saa moja ya tabibu. Kisha huambiwa arudi baada ya miezi mitatu. Akikosa nauli, harudi.

Hebu tupige hesabu ambayo hata mwanafunzi wa gredi ya nne aiweza. Muhula wa wiki 13 una siku 65 za masomo. Kwa saa sita kila siku, hizo ni saa 390. Katika muda huohuo tabibu alikuwa na mtoto kwa saa moja. Hata angekuwa bingwa wa mabingwa, na hata angekuwa na mikono ya dhahabu, saa moja haiwezi kushindana na saa 390 za kukaa vibaya, kushika vibaya na kuchekwa. Ikiwa kuna mtu awezaye kuzigeuza saa hizo ziwe za manufaa, mtu huyo ni mwalimu, akisaidiwa na mzazi nyumbani. Kazi ya tabibu, kwa maoni yangu, ni kuhakikisha kwamba mwalimu huyo anajua la kufanya, na kwamba akikwama ana wa kumwuliza kabla ya miezi mitatu kwisha. Hapo ndipo simu inapoingia.

Mimi niliingia katika shughuli hii kwa kulazimika. Tarehe 15 Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kuthibitishwa nchini, serikali ilitangaza kwamba shule zote zifungwe. Baadhi ya wanafunzi walirejea Oktoba mwaka huo, na waliosalia Januari 2021. Katika miezi hiyo akina mama waliacha kuja kliniki, kwa hofu na kwa kukosa usafiri, nami nikaanza kuwapigia simu mmoja baada ya mwingine. Hakukuwa na kilichobuniwa nasi hapo. Shirikisho la dunia la matabibu wa tiba ya kazi lilikuwa limekwisha kutoa tamko mwaka wa 2014 kwamba huduma itolewayo kwa mbali ni njia halali ya kazi yetu, mradi itimize viwango vilevile vya huduma ya ana kwa ana.

Tena wazo lenyewe ni kongwe kuliko simu ya mkono. Katika miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilikuwa likihimiza kwamba watu wenye ulemavu wasaidiwe katika jamii zao na watu wa jamii zao, na mwaka wa 1989 likatoa kitabu kizima cha mafunzo kwa ajili ya familia, walimu na wasimamizi wa vijijini. Mwaka wa 1987 David Werner, yule ambaye kitabu chake kingine twakijua kwa Kiswahili kama Mahali Pasipo na Daktari, alichapisha kitabu kuhusu watoto wenye ulemavu vijijini, kilichotokana na kazi iliyofanywa na wanavijiji wa Mexico ambao wengi wao wenyewe walikuwa walemavu. Vitabu hivyo vilikuwa tiba ya mbali kwa karatasi na wino. Ila vilikuwa na upungufu mmoja mkubwa, kwamba kitabu hakijibu swali. Ukikiuliza, "Sasa mtoto huyu wangu mbona analia nikimkalisha hivi?" kitakunyamazia.

Wanaotupinga wana methali yao, nao huitumia kama rungu: fimbo ya mbali haiui nyoka. Husema tiba yetu ni ya mikono. Kwamba asiyemgusa mgonjwa hawezi kumtibu. Methali naikubali. Lakini naomba waitazame tena. Fimbo iliyo karibu katika habari hii ni ya nani? Ni ya mwalimu aliye pale darasani. Ni ya mama aliye pale mekoni. Anayekaa mbali haombi kumpiga nyoka, anasema tu, "Yuko chini ya kile kigae, upande wako wa kushoto." Iwapo mwenye fimbo haoni nyoka alipo, ukaribu wake utamfaa nini?

Hata hivyo siwezi kudai kwamba simu inatosha kwa kila jambo, na anayedai hivyo ni mfanyabiashara. Banzi la kuunyosha mkono uliojikunja haliwezi kupimwa kwa simu. Misuli iliyokaza hujulikana kwa kushikwa, kwa kuukunja na kuukunjua mkono polepole hadi vidole vya tabibu vihisi pale panapogoma. Mtoto anayepaliwa kila anapokula, au anayekohoa baada ya kila tonge, sharti aonwe na mtaalamu ana kwa ana kabla ya mtu yeyote kuambiwa amlisheje, kwa kuwa chakula kikiingia mapafuni chaweza kumwua. Mtoto anayekaa kutwa kwenye kiti cha magurudumu akapata alama kwenye makalio au mgongoni, na alama hiyo isitoweke baada ya nusu saa, aondolewe kitini na apelekwe kituo cha afya. (Vitabu vingi husema tutafute wekundu. Katika ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Tazama pahali palipogeuka rangi, pakawa pagumu au pa moto kuliko ngozi iliyo kando yake.) Ndiyo maana nashikilia kwamba, panapowezekana, mkutano wa kwanza uwe wa ana kwa ana, hata ikiwa ni mara moja kwa mwaka, na simu ifuate.

Baada ya mkutano huo, lianze jambo moja. Nasema moja kwa kusisitiza. Nimeona karatasi ambazo mama hupewa hospitalini zikiwa na mazoezi kumi na mawili, kila moja mara kumi, asubuhi na jioni. Mama huyo ana watoto wengine wanne na shamba. Atafanya siku tatu, atachoka, kisha ataanza kujiona mzazi mbaya. Afadhali mwalimu na mama waulizwe: ni jambo gani moja ambalo mtoto huyu akiliweza, maisha yenu yatakuwa mepesi? Mmoja atasema kuvaa shati. Mwingine atasema kwenda msalani. Mwalimu aghalabu husema kuandika.

Nichukue mfano wa kuandika, maana ndio ulionifunza mengi. Mwalimu mmoja wa kike katika shule ya msingi huko bara ya Kwale alinipigia simu kuhusu mvulana wa miaka tisa mwenye mtindio wa ubongo wa kiasi, ambaye nilikuwa nimemwona mara moja kliniki. "Daktari," akasema, "huyu kijana mkono wake umekataa kabisa. Kila daftari analichana." Nikamwomba anipigie picha ya video ya dakika mbili mtoto akiandika, baada ya kuomba ruhusa kwa mama yake. Ikaja. Ilionyesha mkono wa kulia na penseli, basi; na kwa kuwa dirisha lilikuwa nyuma ya mtoto, mkono wenyewe ulikuwa kama kivuli.

Hivyo ndivyo karibu kila mtu hupiga picha hizi. Tatizo likiwa ni mwandiko, kamera hukimbilia mkono. Nikamwambia, "Mwalimu, usiushike mkono tena. Simamisha simu juu ya kiti, upande wa mtoto, mwanga utoke nyuma yako wewe, nami nimwone mzima tangu utosi hadi unyayo." Video ya pili ndiyo iliyosema kweli. Benchi lilikuwa la watoto wakubwa. Nyayo za mvulana zilining'inia hewani kiasi cha shubiri moja kutoka sakafuni. Kwa kuwa miguu haikuwa na pa kukanyaga, kiwiliwili kiliyumba. Kwa kuwa kiwiliwili kiliyumba, mkono wa kushoto ulikuwa umeshikilia ukingo wa benchi kwa nguvu zote asianguke. Na kwa kuwa mkono wa kushoto ulikuwa na kazi hiyo, haukuweza kulishika daftari. Daftari liliteleza. Mvulana akawa analikandamiza kwa ncha ya penseli ili lisikimbie, nalo likachanika. Mkono wa kulia uliolaumiwa miezi yote hiyo ulikuwa unajitahidi kufanya kazi ya mikono miwili.

Hatukununua kitu. Kreti ya soda iliyopinduliwa iliwekwa chini ya nyayo, magoti yakakunjika vizuri na mapaja yakalala sawasawa bentini. Leso mbili zilikunjwa zikazibwa kila upande wa nyonga. Daftari lilibanwa kwenye dawati kwa vibanio vya nguo. Penseli ilizungushiwa ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli hadi ikanenepa kama kidole gumba, na mwalimu akaivunja ikawa fupi, kwa kuwa kipande kifupi huvilazimisha vidole vitatu kufanya kazi na kukizuia kiganja kizima kisikamate. Tulizungumza kila Ijumaa kwa dakika kumi. Sitaki kumdanganya msomaji kwamba mvulana huyo sasa anaandika insha. Baada ya wiki mbili aliandika herufi tatu za kwanza za jina lake bila kuchana karatasi. Mama yake naye, ambaye hakuwa ameambiwa lolote kuhusu chakula, aliona mbinu ya kreti akaiga nyumbani kwa kigoda na tofali, akagundua kwamba mtoto aweza kujilisha kwa kijiko akiwa na pa kukanyaga. Jambo hilo mimi nililisikia kwa mwalimu.

Watauliza wengine: na shule ambayo haina simu ya video? Nyingi ya simu zangu hupigwa kwa zile simu ndogo ambazo watu huziita mulika mwizi. Kinachobadilika ni maswali. Huwezi kusema "nionyeshe". Sharti useme "nieleze". Wala huwezi kuuliza, "Je, anakaa vizuri?" kwa sababu jibu litakuwa ndiyo, kwa heshima. Huuliza: nyayo zake zinagusa wapi? Ukitia kiganja chako kati ya goti lake na ukingo wa kiti, kinaingia? Kichwa kimeinamia upande gani, wa mlango au wa ubao? Mwalimu aliye na desturi ya kueleza mambo kwa ufasaha huwa mikono na macho ya tabibu. Na ni nani katika nchi hii aliyefundishwa kueleza mambo kwa ufasaha kuliko mwalimu? Njia hiyohiyo hufaa kwa wazee. Binti aliyemtunza mamake baada ya kiharusi niliweza kumfundisha kwa sauti tu namna ya kumvisha: mkono mgonjwa huingia kwanza katika nguo, nao hutoka mwisho. Ni sentensi moja. Ilimwondolea mwanamke yule mzima aibu ya kuvishwa kila asubuhi kama mtoto mchanga, kwani baada ya siku kadhaa alianza kuvaa mwenyewe.

Kuna hatari moja ambayo lazima niitaje bila kupaka mafuta. Nalijua tukio ambapo video ya mtoto, iliyopigwa kwa nia njema akiwa nusu uchi ili mgongo wake uonekane, ilitumwa katika kundi la wazazi wa darasa badala ya kwa tabibu. Kufikia jioni ilikuwa imesambaa kijijini, pamoja na vicheko. Mtoto huyo alikuwa na umri wa kutosha kuelewa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya mtu kushughulikia habari za mtoto. Lakini sheria haiishi ndani ya simu ya mwalimu. Idhini iombwe kwa lugha ambayo mzazi anaielewa, na mtoto mwenyewe aulizwe. Nguo zibaki mwilini isipokuwa pale ambapo haiwezekani kabisa. Tabibu akishaiona video, ifutwe katika simu zote mbili, na maelezo yaandikwe katika faili la mtoto. Mwalimu ambaye simu yake huchezewa na watoto wake nyumbani asipige video hizo, atumie sauti.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba kinachotakiwa ni nia njema. La hasha. Kikwazo kikubwa nilichokutana nacho si mtandao wala umeme. Ni kwamba mtoto mmoja ana waajiri wawili wasiozungumza. Katiba ya mwaka wa 2010 iliziachia serikali za kaunti hospitali na vituo vya afya, hivyo tabibu ni mtu wa kaunti. Katiba hiyohiyo iliziacha shule za msingi na elimu maalumu mikononi mwa serikali ya kitaifa, hivyo mwalimu ni mtu wa Tume ya Kuwaajiri Walimu. Dakika kumi ninazozungumza na mwalimu kila Ijumaa hazimo katika zamu yangu wala katika ratiba yake. Yeye hutumia saa yake ya chai na pesa zake za simu. Ana wanafunzi sitini. Kumwambia mtu huyo aongeze na kazi ya utabibu bila kumpunguzia chochote ni dhuluma, na walimu wanaolalamika wana haki.

Ajabu ni kwamba daraja lipo tangu zamani. Mwaka wa 1984, kwa msaada wa Denmark, nchi hii ilianza kuweka vituo vya kuwatathmini watoto wenye mahitaji maalumu na kuwapa nyenzo za elimu, na miaka miwili baadaye ikafunguliwa Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya huko Kasarani. Vituo hivyo vilikusudiwa kuwa pahali ambapo elimu na afya hukutana. Nionavyo mimi, hapo ndipo tiba ya mbali ingepata makao: afisa wa kituo awe ndiye anayepanga simu, anayetunza mafaili na idhini, anayelipia muda wa mazungumzo, na anayemleta tabibu shuleni walau mara moja kwa mwaka. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka wa 2023 imekwisha kuitambua huduma ya afya itolewayo kwa mbali. Kwa hiyo hatungojei bunge.

Wala tusingojee vifaa. Kuanzia mwaka wa 2016 serikali iligawa vishikwambi katika shule za msingi, na nimeingia katika shule ambamo vimo kabatini hadi leo, vimefungwa kwa kufuli, betri zimekufa. Akija mtu na mradi wa kununua mashine nyingine kwa jina la tiba ya mbali, aulizwe kwanza ni mwalimu yupi atakayeketi upande wa pili, saa ngapi, na nani atafundisha darasa lake wakati huo.

Kwa wanafunzi wa vyuo vya ualimu nina ombi dogo. Mnapokwenda mazoezini, ketini siku moja nyuma ya darasa msifundishe. Tazameni nyayo tu. Hesabuni ni watoto wangapi nyayo zao hazigusi sakafu, kisha mtazame mwandiko wao. Na kwa wale walio katika shule za sekondari ambao hupenda sayansi na hupenda watu, lakini huogopa damu, ijulikane kwamba taaluma hii ipo, hufundishwa nchini, na ina nafasi kwa mwenye subira. Sensa ya mwaka wa 2019 iliwahesabu Wakenya wapatao 900,000 wenye ulemavu, kuanzia umri wa miaka mitano. Idadi yetu sisi matabibu haikaribii kuwatosha.

Kwa wakuu wa hospitali za kaunti ombi langu ni la kawaida kabisa, la karani na karatasi. Kila tabibu wa tiba ya kazi apewe alasiri moja katika wiki kwa ajili ya simu za shule, iandikwe katika zamu kama kliniki nyingine yoyote, mazungumzo yahesabiwe kama wagonjwa wanavyohesabiwa, na afisa wa elimu wa kaunti ndogo apelekewe nakala ili naye awape walimu wake nafasi saa hiyohiyo. Mimi yangu nimeiomba kwa barua, nikapendekeza Jumatano, siku ambayo foleni huwa fupi. Barua imepigwa muhuri wa kupokelewa. Jibu halijafika, na mwalimu wa Kwale ameshaniletea majina ya watoto wengine watatu.